Sabuni isiyo na maji, na blichi inayokufa ndani ya chupa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina karakana ndogo ya sabuni hapa Sakina, Arusha. Wateja wangu wakubwa ni loji na kambi za watalii, kuanzia Karatu hadi Serengeti. Usafiri unanimaliza, maana zaidi ya nusu ya mzigo wangu ni maji. Nikaamua kutengeneza sabuni nzito ya kufulia isiyo na tone la maji: nonioniki (kimiminika cha kusafishia), slesi (ile ya kutoa povu), gliserini, soda eshi na unga wa blichi ya oksijeni. Wiki ya kwanza ilikuwa safi kabisa. Wiki ya tatu chupa zilivimba, mbili zikapasuka stoo, na mteja mmoja akanipigia simu kwamba mashuka yanatoka na rangi ya chai. Nimekosea wapi? Nifanyeje blichi ikae hai walau miezi 3?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa hasara. Kabla hujasoma mbele, nenda stoo. Vaa miwani na glavu, zitoe chupa zote nje kivulini, funika kila kizibo kwa kitambaa kizito na ukilegeze polepole mpaka usikie gesi imetoka. Usizikaze tena. Na usithubutu kuzimimina zote kwenye pipa moja ili "zipoe". Kwenye chupa ndogo joto linatoka nje haraka. Kwenye pipa linabaki katikati, linaharakisha kuvunjika kwa blichi, na huko kuvunjika kunazaa joto jingine. Hivyo ndivyo pipa linavyochemka lenyewe bila moto. Kilichomo kwenye chupa hizo bado ni sabuni. Kitumie wiki hii kuoshea sakafu, kikiwa kimezimuliwa kwa maji mengi. Watoto wasikaribie. Ukimaliza, rudi tuendelee.

Tuanze na huo unga. Jina lake ni sodiamu pakaboneti, na nusu yake unaijua tangu utotoni, maana ni ndugu wa magadi yanayotoka Ziwa Natron. Ni soda eshi safi iliyoshikana na haidrojeni peroksaidi ndani ya punje moja kavu. Punje ikikutana na maji, ndoa hiyo inavunjika: soda inakwenda upande wake, peroksaidi inaachiwa huru, na ndiyo inayokula madoa. Kwenye beseni la kufulia tunautaka uvunjikaji huo. Ndani ya chupa ni msiba, kwa sababu peroksaidi isiyo na doa la kula inageuka maji na gesi ya oksijeni.

Sasa tazama gesi hiyo ni nyingi kiasi gani. Pakaboneti nzuri ya dukani ina oksijeni inayofanya kazi kiasi cha asilimia 13 hadi 14 ya uzito wake. Ukiweka gramu 150 kwenye chupa ya lita moja, zikivunjika zote zinatoa takribani lita 18 za gesi kwa mgandamizo wa hewa wa Arusha. Asilimia 1 tu ikivunjika umepata mililita 180. Kama juu ya sabuni uliacha nafasi ya mililita 50, na chupa isingetanuka, msukumo ndani ungezidi ule wa tairi la gari dogo. Kwa asilimia 1 tu! Kwa hiyo chupa kuvimba haikuonyeshi kwamba blichi yote imekufa. Inaonyesha kwamba imeanza kufa, na kwamba kizibo chako hakikuiachia njia.

Hapo tayari una nusu ya jibu: hata ukitengeneza sabuni bora kuliko zote, blichi ya oksijeni lazima ipumue. Sabuni inayopoteza asilimia 10 kwa miezi 3 ningeiita nzuri, lakini hiyo 10 ni karibu lita 2 za gesi kutoka kila chupa. Kizibo kinachokazwa kabisa hakifai. Tafuta vizibo vyenye tundu dogo lililozibwa kwa utando, vinavyotoa gesi bila kumwaga kimiminika. Ndivyo vinavyofunga madumu ya haidrojeni peroksaidi. Usijaze chupa mpaka shingoni. Na kumbuka barabara yako inapanda: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200. Hewa ya nje inapungua nguvu kadiri gari linavyopanda, na chupa iliyokwisha kuvimba kidogo Sakina itavimba zaidi ikifika juu kule, kabla haijapoteza hata punje moja ya ziada.

Nusu ya pili ni ngumu zaidi. Unasema hukuweka tone la maji. Naamini hukumimina maji kwa mkono wako, lakini maji yaliingia, na yaliingia mengi.

Chukua slesi. Ile nzito tunayoinunua kwenye ndoo, inayovutika kama asali ya baridi, kwa kawaida ni asilimia 70 tu ya slesi yenyewe. Karibu yote iliyobaki ni maji. Kama uliweka kilo 2, uliingiza kama gramu 600 za maji ndani ya sabuni "kavu". Huyo ndiye mshukiwa wangu wa kwanza, na kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu kwenye fomula yako ningeitoa slesi. Gliserini ni mshukiwa wa pili: inavuta unyevu kutoka hewani kama chumvi ya mawe inavyolowana msimu wa masika. Ndoo ya gliserini iliyofunguliwa na kufungwa mara 10 si kavu tena. Soda eshi nayo, mfuko ukiwa wazi wiki mbili, inanywa unyevu na kuanza kushikana mabonge. Hata nonioniki inauzwa kwa madaraja. Kuna inayokaribia kuwa safi kabisa, na kuna inayochanganywa na maji asilimia 10 ili imiminike vizuri kwenye baridi. Kwenye ndoo zote mbili zinafanana. Mwombe muuzaji cheti cha uchambuzi cha mzigo ule ule unaoununua, utafute mstari wa unyevu, na uikatae yoyote iliyozidi asilimia 0.5. Akisema hana cheti, nunua kwingine.

Na usiikimbilie salfoniki, ile malighafi nyingine ya povu, kuziba nafasi ya slesi. Ni asidi. Ikigusana na pakaboneti inaila ile soda, mapovu ya kaboni dayoksaidi yanatoka, joto linapanda na peroksaidi inabaki uchi.

Huku Kilimanjaro wakulima wa kahawa wananielewa haraka nikieleza jambo hili. Kahawa ya maganda ikikaushwa mpaka unyevu wa asilimia 11 hivi inakaa guniani kwa miezi. Ukiifunga mbichi kidogo tu, gunia linapata joto kwa ndani na harufu inaharibika, ingawa kwa macho ilionekana kavu. Pakaboneti ndani ya nonioniki ni hivyo hivyo. Haitunzwi na kemikali ya ajabu. Inatunzwa kwa kubaki punje ngumu, isiyoyeyuka, imelala, mpaka siku itakapotumbukizwa kwenye maji ya kufulia. Kila utakachokifanya kiulize swali hilo moja: je, kinaiacha punje ilale, au kinaiamsha?

Maji yanaiamsha. Joto linaiamsha. Kitu cha tatu watengenezaji wadogo wengi hawakifikirii: madini. Chembe za chuma, shaba na manganizi, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, zinavunja peroksaidi mfululizo bila zenyewe kuisha. Mimi nililipa ada ya somo hili. Miaka ya mwanzo nilikuwa na ndoo mbili za plastiki zinazofanana. Mchanganyiko wa ndoo ya kwanza ulitulia, wa pili ulitoa mapovu usiku kucha, na malighafi ni zile zile. Nilihangaika siku kadhaa nikilaumu unga. Kumbe ndoo ya pili ilikuwa imetoka shambani, ilichanganyiwa mrututu wa kunyunyizia kahawa. Mrututu ni shaba. Nilikuwa nimeiosha mara tatu, na plastiki ilikuwa nyeupe kabisa. Tangu siku hiyo vyombo vya blichi vina rangi yao, kabati lao na ufunguo wao. Kwako nakushauri hivyo hivyo: mwiko wa plastiki au wa chuma kisichoshika kutu, kamwe si nondo, si pipa la bati, si koki ya shaba nyekundu wala ya njano. Magadi ya mawe ya kienyeji pia uyaache kwenye makande. Yana maji ndani ya mawe yenyewe na yanabeba udongo. Nunua soda eshi ya kiwandani.

Kukamata chembe za madini zitakazoponyoka kuna fosfoneti, ambayo wauzaji wanaiita HEDP. Inazikumbatia chembe hizo zisifanye uharibifu. Lakini angalia mtego: HEDP inayopatikana kirahisi ni ya majimaji, asilimia 60, tena ni asidi, ukiiweka umerudi kule kule kwenye slesi. Agiza chumvi yake ya sodiamu, iliyo unga mkavu.

Wengi wananiuliza kwa nini wasitumie jiki tu, maana ni rahisi na inajulikana. Haiwezekani, na nieleze bila kuficha kwa sababu hapa watu wanaumia. Jiki yenyewe ni maji yenye klorini kidogo ndani yake; huwezi kuitoa maji ikabaki jiki. Na yuko atakayefikiri kutumia klorini ya unga, ile ya mabwawa ya kuogelea. Dada yangu, klorini hiyo ikichanganywa na gliserini au kimiminika chochote cha jamii hiyo inaweza kuwaka moto yenyewe, bila kiberiti, baada ya dakika chache za ukimya. Usiijaribu hata kwa kijiko kimoja. Mfuko wake usikae chumba kimoja na nonioniki yako.

Blichi ya oksijeni ina historia ndefu ndani ya sabuni ya kufulia. Henkel wa Ujerumani walipoitoa Persil mwaka 1907 waliweka sodiamu paboreti ndani ya sabuni ya unga, na kwa miongo mingi hiyo ndiyo iliyokuwa blichi ya Ulaya. Ni tulivu kuliko pakaboneti, lakini inataka maji ya nyuzi 60 na kuendelea ili ifanye kazi sawasawa, na ina boroni, ambayo Ulaya imeiwekea alama ya madhara kwa uzazi. Ndiyo maana viwanda vikahamia pakaboneti. Wazo lako la kuining'iniza kwenye nonioniki isiyo na maji nalo si la kijinga hata kidogo: Unilever, Colgate-Palmolive na Procter & Gamble walisajili hataza nyingi juu yake, hasa miaka ya 1980 na 1990. Nakuambia haya ujue kwamba unapambana na tatizo lililowakosesha usingizi watu wenye maabara kubwa, na yaliyowasumbua wao ndiyo yatakayokusumbua wewe: blichi kufa, unga kuzama, na sabuni kuwa mlenda inapokutana na maji.

Juu ya kuzama, hapa kuna uamuzi mgumu. Punje ya pakaboneti ni nzito karibu mara mbili ya nonioniki, kwa hiyo itashuka chini. Kasi ya kushuka inafuata mraba wa ukubwa wa punje. Ukiisaga iwe nusu ya kipenyo chake, inashuka kwa robo ya mwendo. Viwanda vilisaga kila kitu mpaka kikawa laini kuliko unga wa ngano. Lakini punje unayonunua imevikwa koti, aghalabu la sodiamu salfeti au silikati, na koti hilo ndilo linaloikinga na unyevu. Ukiisaga unalichana koti na kuongeza eneo lililo wazi. Kwa karakana kama yako jibu langu ni moja: usisage pakaboneti kamwe. Saga soda eshi, na uache pakaboneti na koti lake. Kuizuia isizame, fanya kimiminika kiwe kizito kwa silika laini, ule unga mwepesi kama moshi, asilimia 2 hivi. Sabuni itakuwa kama uji wa ulezi uliopoa: imesimama ikitulia, inamiminika ukiitikisa. Andika kwenye lebo "tikisa kabla ya kumimina" na usione haya.

Zeolaiti, ule unga wa kulainisha maji, usiweke, hata kama umeambiwa ni bora kuliko soda eshi. Ile ya kawaida imebeba maji kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, na inaiamsha pakaboneti.

Kwa kilo 10 za majaribio ningeanza hivi: nonioniki kilo 6.3, soda eshi kilo 1.8, pakaboneti yenye koti kilo 1.5, silika gramu 200, fosfoneti kavu gramu 100 na CMC (unga unaozuia uchafu usirudi kwenye nguo) gramu 100. Manukato na rangi viache kwanza. Blichi itazila na zenyewe zitaila blichi. Soda eshi ikaange kwenye sufuria safi isiyo na kutu, zaidi ya nyuzi 120, uikoroge nusu saa, kisha iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa. Isiachwe wazi mezani. Pakaboneti, tafadhali, isikaangwe wala isianikwe juani, maana joto linaiua. Ikiwa mfuko wake umelowa hauokoki, tumia kufulia.

Changanya nonioniki na soda eshi iliyokaangwa kwanza, funga, uache mpaka kesho. Hii ni siri ndogo ninayoipenda. Soda eshi kavu ina kiu, gramu 106 zake zinaweza kufunga gramu 18 za maji, hivyo usiku huo inayanywa maji yaliyojificha ndani ya nonioniki kabla pakaboneti haijafika. Asubuhi ongeza fosfoneti, CMC na silika, koroga vizuri, hakikisha mchanganyiko uko chini ya nyuzi 30, na ndipo pakaboneti iingie ya mwisho kwa mkono mwepesi. Fanya kazi hii mchana mkavu. Asubuhi ya ukungu wa Meru au siku ya mvua ya Aprili, funga mifuko na ufanye hesabu za biashara.

Nonioniki nayo ina uzee wake, usisahau. Ikikaa kwenye pipa nusu tupu, penye joto na mwanga, inashikwa na hewa polepole na kuanza kuzaa asidi, na asidi hiyo inaisumbua pakaboneti. Nunua unayoweza kuimaliza. Na Juni na Julai, baadhi ya nonioniki zinaganda Arusha kama mafuta ya nazi yanavyoganda. Ipashe moto taratibu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, chombo kikiwa kimefungwa, kabla ya kupima.

Sasa utajuaje kama imetulia bila kusubiri simu ya mteja? Nakuomba sana usiuze chupa hata moja kabla ya jaribio hili. Tafuta mtu mwenye mashine ya kutotolesha vifaranga. Inakaa nyuzi 37.5 usiku na mchana, na kwetu hakuna tanuri la maabara la bei rahisi kuliko hilo. Weka gramu 100 za sabuni kwenye chupa ndogo, ziba kwa kizibo kilichopitishwa mpira mwembamba, na mwisho wa mpira uingize ndani ya silinda ya kupimia iliyojazwa maji na kupinduliwa ndani ya beseni, nje ya mashine. Gesi inayotoka itasukuma maji chini na utaisoma. Kwa fomula niliyokupa, kila mililita 18 hivi, kwa hewa ya Arusha, ni asilimia 1 ya blichi iliyokufa. Siku ya kwanza puuza, maana hewa ya chupa inatanuka tu kwa joto. Baada ya hapo, ikipita asilimia 1 kwa wiki kwenye joto hilo, rudi ukasake maji yalipojificha. Ikiwa chini ya hapo, ndani ya stoo yenye nyuzi 22 au 24 itadumu vizuri zaidi.

Jaribio la pili ni la kupima blichi iliyobaki. Yeyusha gramu 10 za sabuni iliyotikiswa vizuri kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa kwa mvuke, chota mililita 100, tia asidi ya salfuriki iliyozimuliwa kidogo kidogo kwa kuwa itatoa mapovu, halafu dondoshea pamanganeti ya potasiamu, iliyoyeyushwa gramu 3.16 kwa lita, mpaka rangi ya waridi hafifu ibaki. Sabuni mpya itakula karibu mililita 25. Ikila 20 baada ya mwezi, imepoteza sehemu moja ya tano. Pamanganeti yenyewe inachakaa, kwa hiyo kila siku ya kupima, pima pia pakaboneti mpya kutoka mfukoni uwe na cha kulinganisha. Kama mikono haijazoea asidi, mwombe mwalimu wa kemia wa sekondari iliyo karibu akusimamie mara ya kwanza. Ni kazi ya robo saa.

Stoo yako iwe na kivuli na upepo, na mwambie dereva asiache maboksi ndani ya gari lililofungwa juani. Gari la namna hiyo ni tanuri, na saa chache humo zinaweza kula maisha ya siku nyingi. Kuna pia kiamsho cha blichi kiitwacho TAED kinachoiwezesha kufanya kazi kwenye maji ya nyuzi 40 au chini ya hapo. Ni kizuri, ila usikitie kwenye chupa hii. Kikianza kujibizana na peroksaidi mapema vyote viwili vinakufa. Na bidhaa ikikaa sawa, pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa ushauri na TBS, shirika la viwango, kwa alama ya ubora. Kwa kuwa unahifadhi kemikali inayochochea moto, waulize pia Mkemia Mkuu wa Serikali juu ya usajili. Ni heri uulizwe maswali kabla ya moto.

Niseme pia ninavyoamini mwenyewe. Kama ningekuwa na wateja wako msimu huu, ningewauzia vitu viwili ndani ya boksi moja: chupa ya nonioniki na soda bila blichi, na mfuko mkavu wa pakaboneti wenye kijiko chake. Hakuna maji unayosafirisha, hakuna chupa inayovimba, na blichi inakaa hai miezi mingi ikiwa mfuko uko mkavu na penye ubaridi. Wakati huo huo mashine ya vifaranga inaendelea kukujaribia ile ya pamoja. Najua chupa moja inapendeza zaidi machoni pa mnunuzi, na wewe umeitolea jasho. Lakini chupa iliyopasuka jikoni kwa mteja itakufungia mlango wa loji nyingine 5 ambazo hujazifikia.

Limebaki la mashuka yenye rangi ya chai. Sehemu yake ni blichi iliyokufa, bila shaka. Lakini vumbi la Karatu unalijua. Wekundu ule ni chuma, kutu iliyosagika. Blichi ya oksijeni inang'arisha doa la chai, kahawa, mvinyo na jasho. Wekundu wa udongo haiuwezi, kwa kuwa chuma hicho kimeshamaliza kushikana na oksijeni. Tena udongo huo ukiingia kwenye beseni la kufulia unafanya kazi ile ile ya mrututu wangu: unaivunja peroksaidi kabla haijagusa doa. Wafuaji wa kule wakitumbukiza mashuka yenye vumbi moja kwa moja kwenye maji ya moto yenye sabuni yako, hata blichi iliyo hai kabisa itaonekana mbovu. Waambie wayakung'ute kwanza, wayasuuze kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, ndipo waende kwenye maji ya nyuzi 50 au 60, kijiko kimoja kikubwa cha pakaboneti kwa ndoo ya lita 10, wayaloweke saa moja. Mpigie yule mteja wiki hii, kabla hujatengeneza chochote kipya, umwombe ajaribu hivyo kwa mashuka mawili.